Seva Inapokataa Kuwaka: Mwongozo kwa Mafundi wa Luberizi na Bonde la Ruzizi

Mwongozo huu ni wa fundi anayeitwa Luberizi, Sange, Luvungi au Kiliba kwa sababu "seva haiwaki", na pia wa mkuu wa ofisi anayemngojea. Unahusu seva iliyowekewa haipavaiza, yaani programu inayokaa moja kwa moja juu ya chuma cha kompyuta na kukigawa kiwe mashine pepe kadhaa, kila moja na mfumo wake na kazi yake. Kituo cha afya, shule ya sekondari au koperative ya wakulima wa mpunga inaweza kuwa na kompyuta moja tu yenye nguvu. Ndani yake mashine pepe moja inatunza daftari la wagonjwa au la wanachama, nyingine inatunza hesabu, nyingine mafaili ya ofisi nzima. Haipavaiza ikikwama, vyote vinasimama siku hiyohiyo. Hapo ndipo fundi anapohimizwa afanye haraka, na haraka ndiyo inayopoteza data.

Kanuni inayotangulia zote

Usisakinishe upya kabla hujajua seva imekwama hatua gani. Flashi ya usakinishaji ikiingizwa na fundi akakubali kuendelea, diski aliyoichagua inafutwa yote. Proxmox VE ni haipavaiza inayopatikana bila malipo, nayo imezoeleka katika ofisi ndogo. Usakinishaji wake wa kawaida huweka mfumo na mashine pepe kwenye diski ileile. Kwa hiyo anayefuta mfumo ili "aanze upya" anafuta pia daftari la wagonjwa. Hakuna mkuu wa kituo atakayekushukuru kwa seva inayowaka huku iko tupu.

Ukifika, uliza kwanza. Umeme ulikatika lini, na ulirudi kwa njia gani: kwa laini ya SNEL, kwa jenereta, au kwa betri za sola? Seva imehamishwa au imefunguliwa? Kuna mtu aliyeweka sasisho? Diski imetolewa kwenye kompyuta ya zamani ikatiwa kwenye mpya? Ukijibiwa kwamba hakuna aliyegusa kitu, pokea jibu hilo kwa heshima, kisha uliza kwa mlango mwingine: nani alifagia chumba hiki, nani alichomoa waya ili achaji simu? Mlinzi naye aulizwe. Mara nyingi ndiye aliyekuwapo usiku umeme ulipozima, na ndiye aliyewasha jenereta.

Baada ya hapo washa seva ukiwa na simu mkononi, upige picha za kila kinachopita kwenye skrini mpaka inaposimama. Mstari wa mwisho ndio ushahidi wako. Seva huamka kwa ngazi: programu ya bodi kuu (BIOS ya zamani, au UEFI ya sasa) hujikagua, kisha hutafuta kwenye diski programu ndogo ya kupakia, kwa kawaida GRUB, GRUB huita kerneli (sehemu ya mfumo inayoendesha chuma), kerneli hutambua chuma na kufungua diski, mwisho kabisa huja mtandao na mashine pepe zenyewe. Kila ngazi ina magonjwa yake, na dawa ya ngazi moja haitibu nyingine. Fundi anayejua ngazi iliyokwama amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Shuku betri ndogo kabla ya kushuku programu

Kwenye bodi kuu kuna betri bapa ya CR2032, ya volti 3. Inalinda saa, na kwenye bodi nyingi inalinda pia mipangilio, kompyuta inapokosa umeme kabisa. Seva iliyochomekwa mchana na usiku haiitumii sana betri hii. Seva ya bonde letu, inayokaa usiku kucha bila chochote kwa sababu jenereta imezimwa, inaitegemea kila siku. Ongeza kwamba kompyuta nyingi zinazofika hapa ni za mtumba, na betri yake imekuja na umri wa kompyuta yenyewe. Kwa sababu hiyo, katika mazingira yetu jambo la kwanza kuchunguza ni hili, hata kama mteja anasisitiza kwamba "programu imeharibika".

Ingia kwenye BIOS: kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo nyingi za mezani ni F1, kwa bodi za kuunganishwa na fundi ni Delete. Tazama tarehe. Ikiwa inaonyesha mwaka uliopita zamani, betri imekufa. Ithibitishe kwa mita: ikisoma chini ya volti 2.7 hivi, iondoe uweke nyingine, seva ikiwa imechomolewa kabisa kwenye umeme. Betri mbili za akiba hazina uzito mfukoni, lakini kuzikosa kunaweza kukurudisha Uvira kwa barabara ya RN5 ukiwa hujafanya kazi yoyote.

Betri ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani, na mipangilio ya kiwandani haikutengenezwa kwa ajili ya seva. Hapo kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri Jumatatu inakataa kuwaka Jumanne ingawa hakuna aliyeigusa. Rekebisha tarehe na saa, ukikumbuka kwamba Kivu Kusini iko saa mbili mbele ya saa ya dunia (UTC), sawa na Bujumbura, na saa moja mbele ya Kinshasa. Wakati wa kusakinisha, ukichagua nchi yetu utaletewa kanda mbili: chagua Africa/Lubumbashi. Anayechagua Africa/Kinshasa anampa muuguzi rekodi zenye saa ya uongo, na kosa hilo hudumu miaka bila kuonekana.

Mipangilio ya kukagua

Wa kwanza ni uwezo wa prosesa kubeba mashine pepe. Prosesa za Intel zilianza kuwa nao 2005 na za AMD 2006, lakini kompyuta nyingi hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Kwa Intel huandikwa "Intel Virtualization Technology" au "VT-x". Kwa AMD huandikwa "SVM Mode". Elewa dalili yake vizuri, kwa maana watu huchanganya: uwezo huu ukiwa umezimwa, Proxmox yenyewe huwaka na ukurasa wake hufunguka, ila mashine pepe ndizo zinazokataa kuanza. Mteja atakuambia "seva haiwaki" kwa sababu yeye anaona daftari lake tu.

Wa pili ni namna bodi inavyozionyesha diski. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huja na kidhibiti kinachoitwa VMD kikiwa kimewashwa, na diski za NVMe zinajificha nyuma yake. Programu ya usakinishaji inaweza kutangaza kwamba hakuna diski yoyote, wakati unaiona kwa macho imefungwa kwenye bodi. Zima VMD au geuza kidhibiti kutoka RAID kwenda AHCI. Ila kama kompyuta hiyo ina Windows inayotumika, usifanye hivyo kabla ya kujadiliana na mwenyewe, maana Windows hiyo inaweza kukataa kuwaka baadaye. Kama diski ilisakinishwa ikiwa chini ya RAID ya bodi, rudisha RAID ileile. Kuibadilisha hovyo kunaweza kuvunja kundi la diski.

Wa tatu ni "Secure Boot", ulinzi unaokubali programu zenye saini inayotambulika tu. Proxmox VE ilianza kuukubali katika toleo la 8.1, lililotoka Novemba 2023. Toleo la kabla ya hapo halitapita. Mafundi wengi wanatembea na flashi yenye toleo la zamani waliyopewa na mwenzao, ikifika kwenye kompyuta mpya inakataliwa, kisha lawama inaangukia kompyuta. Tumia toleo jipya, au zima ulinzi huo. Kwenye BIOS ya Kifaransa utauona kama "Démarrage sécurisé".

Wa nne unahusu diski iliyohamishwa. Seva ya zamani imeungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu, kompyuta nyingine imenunuliwa Bujumbura na kupitishwa mpakani Kavimvira, na diski imehamishiwa humo. Kompyuta inasema hakuna diski ya kuwashia. Sababu inaweza kuwa kwamba mfumo ulisakinishwa kwa njia ya BIOS ya zamani, na bodi ya sasa inajua UEFI tu. Intel ilitangaza mapema kwamba ingeacha njia ya zamani kufikia 2020, na bodi nyingi za sasa hazina tena chaguo la "Legacy" wala "CSM". Usiifute diski. Washa kwa flashi ya Proxmox, ingia "Advanced Options", chagua "Rescue Boot". Chaguo hilo hutafuta mfumo ulioko kwenye diski na kuuwasha kwa kerneli ya flashi. Mashine pepe zikiamka, chukua nakala zake zote kwenye diski ya nje, ndipo upange kusakinisha upya kwa UEFI bila hofu.

Skrini nyeusi na kibodi ya Kifaransa

Wakati mwingine GRUB inaonekana, unachagua mstari wa kwanza, yanatokea maneno "Loading initial ramdisk", kisha skrini inabaki nyeusi au inaganda na maneno hayohayo. Usiizime haraka. Kwanza nenda kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, ufungue anwani ya seva kwa mlango wa 8006. Ukurasa ukifunguka, seva iko hai na tatizo ni skrini tu. Hakikisha pia waya wa skrini umeingia kwenye tundu sahihi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo tundu la bodi kuu halitatoa kitu.

Kama kweli imekwama, kadi ya picha huenda ni mpya kuliko kerneli. Rudi kwenye menyu ya GRUB, simama juu ya mstari wa kuwasha, bonyeza E. Utaona maandishi kadhaa. Shuka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, andika nomodeset, kisha bonyeza Ctrl na X au F10. Kama ni flashi ya usakinishaji, anza na chaguo la "Terminal UI", linalotumia maandishi badala ya picha. Limekuwapo tangu toleo la 8.0 la mwaka 2023.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa nchi nyingine hailigusi. Kibodi zetu nyingi ni AZERTY ya Kifaransa, na kompyuta za mtumba kutoka Ubelgiji zina AZERTY ya Kibelgiji. Menyu ya GRUB haijui hilo. Inasoma vitufe kana kwamba ni vya QWERTY ya Kimarekani. Ukibonyeza M iliyo kulia kwa L, itaandika nukta mkato, na amri haitafanya kazi hata ukiirudia mchana kutwa. Herufi m inapatikana kwenye kitufe cha koma, kilicho kulia kwa N. Kwa hiyo nomodeset huandikwa hivi: N, O, kitufe cha koma, O, D, E, S, E, T. A na Q zimebadilishana nafasi, vilevile Z na W. Alama ya kistari cha chini ni Shift pamoja na kitufe cha mabano ya kufunga, kwenye mstari wa tarakimu. Alama ya sawasawa ni kitufe kilicho kushoto mara moja kwa kitufe cha kufutia, hata kama kwenye kibodi ya Kibelgiji kimeandikwa kistari. Mkwaju ni kitufe kilicho kushoto kwa Shift ya kulia. Angalia kwenye skrini kila herufi inayotokea kabla ya kuendelea.

Jambo hilohilo huharibu nywila. Wakati wa kusakinisha, programu inauliza aina ya kibodi kabla ya nywila. Chagua Kifaransa au Kibelgiji kulingana na kibodi iliyo mbele yako. Fundi aliyeacha ya Kimarekani ataweka nywila yenye a, q, m au tarakimu, na kesho yake akiingia kwa kibodi iliyopangwa vizuri nywila itakataliwa.

Ulichoandika ndani ya GRUB hudumu kwa kuwaka mara moja tu. Kikifaulu, kiweke kiwe cha kudumu: fungua faili /etc/default/grub, ongeza neno hilo kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha tekeleza update-grub. Seva zilizosakinishwa kwa mpangilio wa mafaili wa ZFS na kuwashwa kwa UEFI mara nyingi hazitumii GRUB. Kwa hizo faili ni /etc/kernel/cmdline, na amri ni proxmox-boot-tool refresh.

Prosesa mpya na kerneli

Tangu Novemba 2021 Intel imeuza prosesa za mezani zenye viini vya aina mbili ndani ya chuma kimoja: vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kubana umeme. Linux ya sasa, na Proxmox pamoja nayo, huzipokea bila shida. VMware ESXi, haipavaiza nyingine, hudai viini vyote vifanane, na isipokuta hivyo husimama kwenye skrini ya zambarau ikilalamika kuhusu tofauti za prosesa. Unaweza kuzima viini vidogo ndani ya BIOS. Au, menyu ya ESXi inapotokea, bonyeza Shift na O, uongeze cpuUniformityHardCheckPanic=FALSE, ukikumbuka kwamba kila a hapo ni kitufe cha Q. Njia hiyo ya pili inafanya kazi, ila mtengenezaji haiungi mkono rasmi, kwa hiyo sipendekezi itegemewe na kituo cha afya.

Kuna sababu nyingine ya kufikiri mara mbili kuhusu ESXi katika ofisi ndogo. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020 iliacha viendeshi vya zamani vilivyotokana na Linux, na kadi za mtandao za Realtek, zilizojaa kwenye kompyuta za bei ya kawaida, zikabaki nje: usakinishaji unasimama ukisema hakuna kadi ya mtandao. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, ikaondoa toleo la bure Februari 2024, ikalirudisha Aprili 2025. Ofisi isiyo na bajeti ya leseni haiwezi kupanga kazi zake juu ya uamuzi unaogeuka namna hiyo. Kwa kompyuta za kawaida zinazofika bonde la Ruzizi, Proxmox ndiyo chaguo langu.

Nayo ina mitego yake. Kerneli 6.8, iliyokuja na Proxmox 8.2 mwaka 2024, iliwasha yenyewe sehemu ya Intel inayoitwa IOMMU, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imezimwa, na baadhi ya kompyuta zikakwama zikiwaka. Ikiwa seva ilikuwa nzima na imekwama mara tu baada ya sasisho, kwenye menyu ya GRUB fungua "Advanced options" na uchague kerneli iliyotangulia. Ikiwaka, umeshapata chanzo. Jaribu kerneli mpya kwa kuongeza intel_iommu=off, au ishikilie ile ya zamani kwa amri ya proxmox-boot-tool kernel pin ikifuatiwa na jina la kerneli hiyo, mpaka sasisho jingine litoke.

Kwa prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14, kama seva inaganda leo hapa na kesho pale bila mpangilio, usipoteze siku kwenye programu. Baadhi yake zilikuwa zikijiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole; Intel ilitoa marekebisho kupitia masasisho ya BIOS kuanzia Agosti 2024. Sasisho huzuia uharibifu, halirudishi prosesa iliyokwisha kuharibika. Weka sasisho hilo kabla seva haijaanza kazi, ukiwa na umeme wa uhakika, kwa maana BIOS inayokatikiwa na umeme katikati ya kuandikwa inaweza kuiua bodi.

Diski baada ya umeme kukatika

Mto Ruzizi unazungusha mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II huko juu kabla ya kuteremka bondeni kwetu, lakini fundi wa Luberizi hawezi kupanga kazi kana kwamba umeme upo siku zote. Seva iliyozimika ghafla huku ikiandika inaweza kuamka na kusimama kwenye neno (initramfs) likiwa na kishale kinachopepesa. Maana yake kerneli imefika, ila diski ya mfumo haifunguki au ina hitilafu kwenye mpangilio wa mafaili.

Kabla ya kuandika amri yoyote hapo, jiulize: data iliyomo ina nakala mahali pengine? Kama haina, zima, toa diski, uinakili yote kwenye diski nyingine kwa ddrescue, kisha ufanyie matengenezo ile nakala. Kazi hiyo inaweza kula usiku mzima. Mweleze mkuu wa ofisi waziwazi kwa nini unaifanya, na usikubali kuharakishwa. Kama nakala ipo na ni ya karibuni, endelea: fsck -y /dev/mapper/pve-root, ikiwa usakinishaji ulikuwa wa kawaida. Hakikisha kwanza ni vitufe vya kibodi gani vinavyosomwa hapo. Ikimaliza, andika exit, na seva iendelee kuwaka. Baadaye soma afya ya diski kwa smartctl -a. Diski inayohesabu makosa kila siku ibadilishwe kabla haijafa.

Seva imewaka, lakini haipatikani

Hali hii huonekana sana kompyuta inapobadilishwa au kerneli inaposasishwa. Kwenye skrini ya seva kila kitu ni kizuri, anwani imeandikwa, lakini hakuna kompyuta ya ofisi inayoifikia. Andika ip a uone majina ya kadi za mtandao. Ukiona kadi inaitwa enp3s0, ilhali ndani ya /etc/network/interfaces mstari wa bridge-ports unataja eno1, umepata ugonjwa: jina limebadilika kwa sababu chuma kimebadilika. Sahihisha jina, tekeleza ifreload -a, na mashine pepe zitaonekana tena. Hapa mafundi husakinisha upya seva nzima kwa kosa la neno moja. Inasikitisha, kwa sababu data yote ilikuwa salama.

Flashi na mfuko wa safari

Pakua toleo jipya la haipavaiza ukiwa Uvira, Bujumbura au Bukavu, mahali penye intaneti ya kutosha. Faili lina zaidi ya gigabaiti moja, na kulipakua kwa kifurushi cha simu ukiwa Luberizi ni kupoteza pesa na muda. Linganisha alama ya SHA256 na ile ya mtengenezaji, kwa sababu faili lililokatika njiani huandikika vizuri kwenye flashi na kuleta makosa yasiyoeleweka. Ukitumia Rufus kwa Proxmox, ikikuomba kupakua GRUB nyingine kataa, kisha chagua kuandika kwa namna ya DD. UNetbootin usiitumie. Mfukoni uwe na flashi hiyo, betri za CR2032, mita, diski ya nje yenye nafasi, waya wa mtandao, kibodi ya USB unayoijua, na brashi ya kuondoa vumbi, maana vumbi la kiangazi hujaa kwenye feni mpaka kompyuta inajizima yenyewe kwa joto.

Ukinunua kompyuta ya mtumba, iwashe mbele ya muuzaji na uingie kwenye BIOS kabla ya kulipa. Kampuni za Ulaya huacha nywila zao ndani yake, na kompyuta ambayo huwezi kufungua mipangilio yake huwezi kuitegemea kuwa seva, hata kama bei ni nzuri.

Kazi ikiisha, piga picha za kurasa zote za BIOS zikiwa zimepangwa sawasawa, uzichapishe, na uzibandike ndani ya daftari linalokaa karibu na seva pamoja na toleo la haipavaiza, jina la kadi ya mtandao na aina ya kibodi. Picha zenye majina ya wagonjwa au wanachama zifutwe kwenye simu yako. Mpangilio wa BIOS unaoamua seva ifanye nini umeme ukirudi uweke ibaki imezimwa, mpaka mtu ahakikishe umeme umetulia na stabilaiza inafanya kazi. Umeme unaorudi na kukatika mara kadhaa kwa dakika chache huumiza diski kuliko giza la siku nzima.

Kwa wakuu wa ofisi nina ombi. Nunueni diski mbili za nje. Nakala za mashine pepe ziandikwe kila juma kwa kupokezana, na diski moja ikae nje ya jengo, kwa mtu anayeaminika. Mvua za Aprili 2020 zilipofurisha mto Mulongwe mjini Uvira, maji yaliingia majumbani na maofisini bila kungoja mtu abebe vitu. Nakala hizo zijaribiwe kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine angalau mara moja kila muhula, mkuu wa ofisi akiwapo na kutia saini kwenye daftari la seva kwamba ameona daftari la wagonjwa likifunguka.